Ngata ya Kiuno

Kiti kilifika ofisini kwetu Kamembe, nchini Rwanda, kikiwa kichwani mwa kijana aliyekipandisha kutoka stendi, magurudumu yake matano yakiangalia mbinguni. Ilikuwa mwaka 2015. Tulikuwa watu watatu katika chumba kile cha uwakala wa forodha, na hadi siku hiyo tulikuwa tunakalia viti vya mkaratusi, vile ambavyo seremala yeyote wa Rusizi anakupigia kwa siku moja. Kiti kipya kilikuwa cheusi, mgongo wake wa wavu, na chini ya kikalio kulikuwa na vishikio viwili na kirungu kimoja cha plastiki. Mkubwa wetu alikiweka mbele ya kompyuta, akakizungusha mara moja, akasema: "Kiti hiki ni ghali. Kaeni, lakini msikichezee."

Tukamtii. Kwa miaka minne hakuna aliyepeleka mkono chini ya kikalio kile. Kilibaki katika kimo alichokiacha mtu wa dukani aliyekiunganisha, na sisi watatu, mmoja mrefu kama mlingoti, mmoja wa kati, na mimi mwenye mita 1 na sentimita 55, tukawa tunapokezana kiti kwa zamu kama watu wanaopokezana koti moja.

Nayaandika haya kwa sababu kila ninapoingia ofisi ya watu, iwe ya shule, ya chama cha akiba au ya duka la jumla, nawaona wenzangu wameketi kwenye ncha ya viti vizuri, visigino vikining'inia, na mgongo wa kiti uko nyuma yao hauna kazi. Natamani kupiga magoti na kuwarekebishia. Mara mbili nimefanya hivyo kweli.

Ofisi yetu iko juu, mahali ambapo ukisimama dirishani unaliona Ziwa Kivu likijikunja na mji wa Bukavu ng'ambo ukiwa umelala juu ya rasi zake. Chini kabisa, pale ziwa linapomalizika na mto Ruzizi kuanza, ndipo ilipo Cyangugu ya zamani na daraja dogo la Rusizi ya Kwanza, wanakopita watu wa miguu. Malori hupita Rusizi ya Pili. Kazi yangu ni kuandika matamko ya forodha: saruji inayotoka kiwandani Bugarama, mchele, unga, sabuni, mafuta ya kupikia.

Nilipoianza, kazi ile ilikuwa ya miguu. Karatasi ilitoka mkononi mwangu ikaenda benki, ikarudi, ikashuka mpakani kugongwa muhuri, ikarudi tena kwa sababu nakala moja imekosa sahihi. Zilikuwapo siku nilizoshuka na kupanda kilima kile mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Halafu ukaja mfumo wa dirisha moja la kielektroniki. Malipo, muhuri, nakala, vyote vikaingia ndani ya kompyuta, na anayeandika matamko akabaki pale pale alipo, asubuhi hadi jioni. Nausifu mfumo ule, umewapunguzia madereva usiku mwingi wa kulala barabarani. Ila miguu yangu ilipoachishwa kazi, kazi yote ilihamia kiunoni, na wakati huo sikujua.

Maumivu yalianza kama uzito mdogo juu kidogo ya kitako, kwenye saa 9 alasiri. Baada ya miezi yakaanza kufika saa 5 asubuhi. Kisha miguu ikawa inakufa ganzi, nikisimama naisikia kama si yangu. Kisha shingo. Nilichuliwa kwa mafuta, nikanywa majani machungu, nikaambiwa ni baridi ya ziwa, nikaambiwa ni uzazi, nikaambiwa umri. Jambo moja lilinishangaza na nikalinyamazia: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, nilikuwa nainama na jembe pamoja na majirani kwa saa tatu tukizibua mifereji, na jioni yake kiuno kilikuwa shwari kuliko jioni yoyote ya ofisini. Jembe liliniumiza mikono tu. Kiti ndicho kilichoniumiza mgongo, na mimi niliamini kwamba kukaa ni kupumzika.

Mwaka 2019 nilikwenda kumwona mtaalamu wa viungo, mama mmoja mpole mwenye mikono yenye nguvu. Nilimpelekea picha ya eksirei. Aliitazama kidogo, akaiweka pembeni, akaniuliza: "Mama, kiti chako kina kimo gani?"

Sikujua. Nilijua uzito wa mfuko wa saruji, nilijua ushuru wa katoni ya sabuni, lakini kimo cha kitu nilichokikalia kila siku sikukijua. Akaniketisha ukingoni mwa kitanda, akatoa futi kama ya fundi cherehani, akapima kutoka chini ya kisigino cha kiatu hadi nyuma ya goti. Sentimita 40. "Nenda ukapime kiti," akasema. "Kisha urudi."

Kesho yake niliwahi ofisini kabla ya wenzangu. Nilipima kutoka sakafuni hadi juu ya kikalio: sentimita 48. Nilisimama pale na ile futi mkononi. Kwa miaka minne nilikuwa nimeketi juu ya ukuta mfupi, miguu ikielea sentimita 8 kutoka sakafuni, uzito wote wa mapaja ukilalia ukingo wa mbele wa kikalio. Ukingo huo ndio uliokuwa unabana mishipa na kuitia miguu ganzi. Na kwa kuwa mtu hawezi kuvumilia kuelea, nilikuwa nateleza mbele hadi vidole viguse chini, na hapo nyonga inageuka nyuma, kiuno kinapoteza ule mpindo wake wa kuingia ndani, mgongo mzima unakuwa kama upinde. Hakuna aliyenifundisha kukaa vibaya. Mwili ulikuwa unatafuta ardhi.

Nikapiga magoti, nikapeleka mkono chini ya kikalio kwa mara ya kwanza.

Kishikio cha kulia ndicho cha kimo. Ndani ya ule mguu mmoja wa katikati kuna silinda yenye gesi iliyobanwa, na vijana wanaotengeneza viti huiita shokapu kwa sababu inafanana na ya pikipiki. Ukivuta kishikio unafungua valvu. Ukiwa umeketi, uzito wako unaisukuma gesi na kiti kinashuka. Ukijiinua kidogo, gesi inakisukuma kiti juu. Ukiachia, kinabaki pale pale. Hakuna cha kuvunjika hapo. Niliketi, nikavuta, kikashuka taratibu kwa sauti ya pumzi, na miguu yangu ikagusa sakafu ya ofisi yetu, nyayo zote mbili. Hata kikiwa chini kabisa kilikuwa na sentimita 43, bado kirefu kwangu, ila viatu vyenye soli nene viliziba pengo. Nilihisi kama nimewekwa chini baada ya kubebwa muda mrefu.

Furaha ile ilidumu wiki mbili. Mabega yakaanza kuwaka moto. Nilirudi kwa yule mama, nikamweleza, naye akaniuliza swali la pili ambalo nalo sikuwa na jibu lake: meza ina kimo gani? Meza yetu ilikuwa na sentimita 74, kama meza nyingi za ofisi. Nilipoketi chini na kukunja viwiko kando ya mbavu, viwiko vyangu vilikuwa kwenye sentimita 66. Kila herufi niliyoiandika, niliiandika nimeinua mabega kama mtu anayevuka mto na mzigo mikononi.

"Basi kuna njia mbili," akasema. "Ama meza ishuke, ama sakafu ipande."

Neno hilo nimelirudia kwa watu wengi. Mafunzo mengi ya kukaa huanza na kuishia kwenye kiti, kama kwamba kiti kinaishi peke yake. Kiti kiko katikati ya vitu viwili visivyosogea, meza na sakafu, na mtu mfupi akiweka sawa kimoja anakikosea kingine. Ukipima miguu peke yake, mikono italia. Ukipima mikono peke yake, miguu itaning'inia. Meza haikuwa yangu na mkubwa asingekubali ikatwe miguu. Kwa hiyo nilikipandisha kiti hadi viwiko vilingane na meza, juu kuliko hata kilivyokuwa zamani, kisha nikachukua rimu mbili za karatasi, kila moja unene wa sentimita 5 hivi, nikaziweka chini ya nyayo. Hiyo ndiyo ikawa sakafu yangu. Baada ya mwezi seremala wa jirani alinipigia kigoda kipana cha sentimita 11, kimeinamia kwangu kidogo, na rimu zikarudi kwenye kabati.

Basi mimi niliyekuwa nalaumu sentimita 48 kuwa ni ndefu mno, leo nakaa kwenye 51 na sina maumivu. Tofauti ni kwamba sasa kuna kitu chini ya miguu.

Yaliyobaki nayapitisha haraka, kwa sababu ukishapata miguu na viwiko, mengine hujileta. Mikono ya kiti ilikuwa inagonga meza na kunizuia nisisogee karibu, nikalegeza skrubu nikaishusha. Kioo cha kompyuta nilikiinua kwa zile zile rimu hadi mstari wake wa juu ukalingana na macho, nikakiweka umbali wa mkono mmoja, na shingo ikatulia ndani ya siku chache. Kishikio cha kushoto kilikuwa kimefungwa tangu dukani. Nilipokifungua, mgongo wa kiti bado haukusogea, hadi nilipokizungusha kile kirungu cha chini mara nyingi kulegeza springi iliyokazwa kwa ajili ya mtu mwenye uzito mara moja na nusu ya wangu. Hapo kiti kikaanza kunifuata, nikirudi nyuma nacho kinarudi, nikija mbele nacho kinakuja.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa kina cha kikalio. Sheria yake ni nyepesi: ukiegemea hadi mwisho, kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kwangu palikuwa hapabaki hata nafasi ya ukucha. Nikiegemea, ukingo unanichoma nyuma ya goti. Nikiukwepa ukingo, mgongo unabaki hewani. Viti vingine vina kikalio kinachotelezeshwa mbele na nyuma, chetu hakikuwa hivyo. Kilipimwa kwa mapaja ya mtu ambaye sijamwona.

Jibu la hilo sikulipata hospitali. Lilikuwa nyumbani tangu nikiwa mtoto.

Mama yangu alifanya biashara ya kuvuka. Alinunua nyanya, ndizi na unga upande wetu, akajitwika, akashuka Cyangugu, akavuka daraja hadi Bukavu, jioni akarudi na sabuni au vitenge. Sisi watoto tulimsindikiza hadi karibu na mpaka. Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni ngata. Kwa Kinyarwanda tunasema ingata, watu wa pwani wanasema ngata au kata, na nadhani ni neno moja lililotembea. Mama aliisokota ya kitenge, akaiweka kichwani, akaishika kwa vidole, akaisokota upya. Watu wawili wakamwinulia karai. Kama ngata imekaa upande, hata kwa unene wa kidole, alisema "Shusheni," na karai likashushwa, na kazi ikaanza upya, foleni ya wanaosubiri kusaidiwa ikiguna nyuma yetu. Nilikuwa naona haya. Nilitamani aondoke tu. Yeye hakuondoka hata siku moja na ngata mbaya. Na alipoondoka alikwenda kama maji yanavyokwenda, mgongo wima bila kukazwa, mikono huru.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanasayansi waliofanya kazi Kenya, mmoja wao akiwa Mkenya, Geoffrey Maloiy. Waliwapima wanawake wa Kijaluo waliojitwika kichwani na wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda wa kipajini, wakitembea juu ya mashine huku hewa wanayoivuta ikipimwa. Waliona kwamba mzigo ulipokuwa hadi moja ya tano ya uzito wa mwili, wanawake wale hawakutumia nguvu yoyote ya ziada kuliko walipotembea mikono mitupu. Nilipousoma utafiti huo nilimsomea mama kwa sauti. Alifurahi, kisha akasema karai lake halikuwa moja ya tano. Ni kweli. Lilikuwa zito zaidi, na shingo yake inalipa hadi leo, asubuhi hageuki bila kugeuza na mabega. Siwezi kumsifia mzigo ule mbele yake. Ninachokisifia ni ile "Shusheni." Mwanamke asiye na ardhi, asiye na kiti, aliyekimbizana na saa ya kufungwa kwa mpaka, aliona kwamba muda wa kuipanga ngata si muda uliopotea. Mimi, mwenye mshahara na kiti cha springi, nilikaa miaka minne nikiona haya kuvuta kishikio.

Nikachukua kitenge chake kimoja cha zamani, nikakisokota, unene wa kifundo cha mkono, nikakiweka nyuma yangu. Nilikijaribu juu, kikanisukuma mbavu. Nilikijaribu chini kabisa, kikanitoa mbele. Mahali pake ni pale pale mwanamke anapofungia kitenge akiwa na kazi, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, pale kiuno kinapoingia ndani. Hapo kilijaza pengo lote la kikalio kirefu, ukingo ukaachana na goti vidole vitatu, na mgongo wangu ukapata kitu cha kulalia kwa mara ya kwanza tangu kiti kile kifike. Wenye viti vya bei kubwa wana kile kibonge cha nyuma kinachopanda na kushuka. Kipimo chao ni hicho hicho: pale unapofungia kitenge.

Sasa nilikuwa na tatizo jingine. Kiti ni kimoja na sisi ni watatu. Mwenzangu mrefu alipoketi baada yangu alilalamika kwamba magoti yanagonga meza, naye alikuwa na haki, kwani yeye miaka yote minne alikuwa amekunjika kama kisu cha kukunja na hakuwa amesema. Tuliketi tukazungumza. Yule kijana wa kati, ambaye hapa kwetu ananiita yaya kwa kuwa namzidi umri, ndiye aliyeleta dawa: tukachora kwa penseli alama tatu kwenye mguu wa meza, kila mtu na yake. Ukiingia zamu unavuta kishikio hadi kikalio kifike kwenye alama yako. Sekunde kumi. Kijana anayeendesha baiskeli ya kubeba watu katika uwanda wa Bugarama hawezi kuazima baiskeli ya mwenzake akaondoka bila kupandisha au kushusha kiti, hata kama abiria anamngoja. Sisi tuliojifungia ofisini ndio tuliosahau.

Mkubwa wetu alizikuta alama zile akauliza. Nilimwambia ukweli, kwamba tumekichezea kiti. Nilimwomba akae. Nikampimia miguu, nikampimia viwiko, nikafungua springi. Alikaa kimya muda mrefu, akiegemea, akirudi mbele, akiegemea tena. Kisha akanyanyuka akaniuliza kama naweza kufika ofisini kwake kesho yake, pale kwenye kiti chake kikubwa cha ngozi. Tangu hapo sijawahi kusikia neno "msikichezee" likitamkwa katika jengo lile.

Ningeishia hapo ningeamini kwamba nimeshajua. Mwaka uliofuata ulinifundisha upande wa pili.

Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa watu kwa sababu ya korona. Mwezi wa Juni, sehemu nyingine za nchi zilipoanza kufunguliwa, sisi wa mji wa Rusizi tulibaki ndani. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, kwa hiyo matamko yaliendelea kuandikwa, ila niliyaandikia nyumbani kwa mama, kwenye meza ya kulia chakula, juu ya kiti cha mkaratusi kisicho na kishikio chochote. Nilikiogopa kiti kile. Nilisokota kitenge, nikaweka kigoda, nikaiinua kompyuta juu ya madebe mawili ya mafuta na kuazima kibodi ya pembeni, nikayasubiri maumivu. Hayakuja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano.

Ilinichukua muda kuelewa. Nyumbani sikukaa. Maharage yalinihitaji, mkaa ulinihitaji, mtoto alikuwa na somo la redio, mtandao ulipatikana vizuri karibu na mlango wa nyuma. Kila nusu saa niliinuka kwa sababu fulani. Na diski zile zilizo kati ya mifupa ya mgongo hazina mishipa ya damu ya kuzilisha. Zinakula kama sifongo inavyokunywa, zikibanwa na kuachiwa, zikibanwa na kuachiwa. Mtu asiyejongea anazinyima chakula, hata akiwa juu ya kiti cha mfalme. Zile safari zangu za kushuka na kupanda kilima na karatasi mkononi zilikuwa zinazilisha.

Na tena kuna hili la kukaa wima. Shuleni tulifundishwa hivyo kwa fimbo. Mtoto aliyeegemea alikuwa mvivu. Miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, aliingiza sindano zenye kipimo ndani ya diski za watu walio hai, akaona kwamba kukaa kunazibana kuliko kusimama. Waliopima baada yake hawakukubaliana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Mwaka 2006 madaktari wa Aberdeen, Scotland, waliwaweka watu 22 ndani ya mashine ya kupiga picha za MRI wakiwa wameketi kwa namna mbalimbali. Ile ya wima kabisa, nyuzi 90, iliusumbua mgongo kuliko ile ya kulala nyuma hadi nyuzi 135 hivi. Sisemi mtu aandike barua za serikali akiwa amelala. Nasema mtoto aliyechapwa kwa kuegemea alikuwa anausikiliza mwili wake.

Niliporudi ofisini nilirudi na tabia nyingine. Nikisoma hati ndefu naegemea, springi inanibeba. Nikiandika nakuja mbele kidogo. Simu naipokelea dirishani nimesimama, nikiwaangalia wavukao chini. Na zipo karatasi ambazo zingeweza kutumwa kwa simu, lakini nazipeleka mpakani kwa miguu mwenyewe. Kijana wetu alidhani siuamini mtandao. Sasa naye anateremka nami.

Mwaka jana mama alikuja ofisini. Alikuwa ametoka kliniki ya shingo, mvua ya Kamembe ikamkamata njiani, akaingia kunisubiri. Hakuwa amewahi kufika. Nilimpa kiti changu, akaketi kama wanavyoketi wageni, kwenye ncha, mkoba mapajani, miguu hewani. Yeye ni mfupi kuliko mimi.

Nikapiga magoti. Nikavuta kishikio, kikashuka naye, akanishika bega kwa hofu ile ya kwanza. Nikasogeza kigoda hadi nyayo zake zikalala. Nikamwomba asogee nyuma, nyuma zaidi, hadi mwisho. Kitenge kilikuwa pale pale kwenye kiti, nikakishusha kidogo kufuata kiuno chake. Aligeuza shingo na mabega kukitazama, akakitambua.

"Hapana," akasema. Akanyanyuka kidogo, akakivuta, akakikunjua, akakisokota upya kwa vidole vyake mwenyewe, haraka, kimekaza kuliko nilivyokisokota mimi. Akakirudisha. Akaegemea. Nikaona mabega yake yanashuka.

Alikaa hivyo akilitazama ziwa, mvua ikipiga bati. Kisha akanitazama pale chini nilipokuwa bado nimepiga magoti.

"Na weye," akaniuliza, "utaikala wapi?"